Namna ya Kumweleza Mtu Sheria Mpaka Aielewe

Mtu akipokea wito wa mahakama unaomtaja kuwa "mdaiwa", mara nyingi jambo la kwanza atakalosema ni kwamba yeye hadaiwi na mtu yeyote. Kwa Kiswahili cha kila siku yuko sahihi kabisa, kwa kuwa mdaiwa ni mtu mwenye deni. Mahakamani, hata hivyo, neno hilo humtaja yeyote aliyefunguliwa shauri la madai, awe na deni au asiwe nalo, na shauri lenyewe linaweza kuwa la mpaka wa kiwanja au la fidia ya ajali. Anayemweleza asipoliona pengo hilo mapema, mtu huyo anaweza kuiweka karatasi kando akiamini kwamba imemfikia kimakosa, ilhali katika mifumo mingi ya sheria kutofika kwake huiruhusu mahakama kusikiliza upande mmoja na kutoa uamuzi bila yeye.

Anza, basi, na maneno ambayo msikilizaji wako anadhani anayajua. Neno geni la Kilatini halina hatari kubwa, kwa sababu mtu huliuliza. Yasiyoulizwa ni yale ya nyumbani yaliyopewa maana nyingine mahakamani. Wapo wanaoamini kwamba mshtakiwa aliyepewa dhamana amesamehewa, na jirani zake humwona barabarani wakasema kesi imekwisha, wakati dhamana ni ruhusa ya kusubiri kesi akiwa nje kwa ahadi ya kurudi mahakamani kila anapotakiwa. Wapo pia wanaosherehekea shauri linapoondolewa kwa kasoro ya utaratibu, bila kuelezwa kwamba mara nyingi shauri la namna hiyo linaweza kufunguliwa upya. Na mtuhumiwa (anayeshukiwa), mshtakiwa (aliyefunguliwa mashtaka) na mfungwa (anayetumikia kifungo) ni watu watatu tofauti kisheria, ingawa katika mazungumzo huchanganywa kuwa mmoja. Kila neno la aina hii lieleze mara moja, kwa sentensi moja, kisha uendelee kulitumia hilohilo. Ukisema "shauri" hapa, "kesi" pale na "dai" mbele kidogo kwa ajili ya kupamba lugha, msikilizaji atadhani ana mambo matatu ya kushughulikia.

Uingereza na Wales, zilipoanza kutumia kanuni mpya za mashauri ya madai mwaka 1999, ziliacha istilahi kadhaa za kale na kuweka maneno ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyafuata. Hilo ni jambo jema, lakini istilahi ni sehemu ndogo tu ya ugumu. Sehemu kubwa imo ndani ya sentensi zenyewe, na Kiswahili cha kisheria kina mitego yake.

Mtego wa kwanza ni kiambishi "-ta-". Mkataba unaposema "mpangaji atatoa notisi ya siku 30 kabla ya kuhama", mwanasheria husoma wajibu, na mtu wa kawaida husoma habari ya jambo litakalotokea. Sema "ni lazima utoe notisi". Pale sheria inapotoa hiari, sema "unaweza, lakini hulazimiki". Usilegeze "lazima" ikawa "inafaa" ili usimtishe mtu, kwa maana utakuwa umeibadili sheria yenyewe.

Mtego wa pili ni vitenzi vya kutendwa visivyomtaja mtendaji. "Maombi yatawasilishwa ndani ya siku 14" ni sentensi fupi na rahisi kutamka, lakini haisemi nani awasilishe, wapi, wala siku hizo zinahesabiwa tangu lini. Rudi kwenye sheria husika utafute majibu hayo. Siku zinaweza kuhesabiwa tangu uamuzi uliposomwa au tangu mtu alipopokea nakala, na siku za mapumziko zinaweza kuhesabiwa au kuachwa, kutegemea sheria ya nchi. Ukishathibitisha, usimpe msikilizaji hesabu ya kufanya. Mwandikie tarehe kamili ya mwisho, pamoja na siku ya juma, juu kabisa ya karatasi anayoondoka nayo. Naona hii ndiyo huduma kubwa kuliko zote katika kazi hii, kwa sababu haki nyingi hupotea kwa kuchelewa tu, kabla hata hoja ya mtu haijasikilizwa.

Tuchukue kifungu kimoja tukitazame kwa karibu. Mkataba wa mkopo unasema: "Mdhamini atawajibika kwa pamoja na kwa nafsi yake kwa deni lote, riba na gharama, bila mkopeshaji kulazimika kumdai kwanza mkopaji." Mtu mwenye nia njema anaweza kukieleza hivi: "Utamsaidia mwenzako kulipa akikwama." Maneno hayo ni mepesi na yanapotosha, kwa sababu kusaidia ni hiari, na anayesaidia hutoa sehemu tu. Maelezo yanayobeba uzito wa kifungu ni haya: "Ukisaini hapa, mkopaji asipolipa, mkopeshaji anaweza kukudai wewe deni lote pamoja na riba na gharama. Halazimiki kuanza na yeye." Kisha ongeza mfano wa hesabu. Deni lililobaki ni laki 6, na wadhamini wenye sharti hilohilo ni watatu. Kila mmoja kwa kawaida hudhani fungu lake ni laki 2, lakini mkopeshaji anaweza kumfuata mmoja wao kwa laki zote 6, na huyo ndiye atakayehangaika baadaye kuwadai wenzake mafungu yao. Nimeona mtu akiweka kalamu mezani baada ya mfano wa namna hii, ilhali kifungu chenyewe alikuwa amekwisha kukisoma mara mbili.

Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kiwango cha lugha nyepesi ambacho kinataka msomaji aweze kupata anachokihitaji, akielewe na akitumie. Mpangilio wa maelezo unatokana na hapo. Sheria huanza na tafsiri za maneno, ikafuata mamlaka, kisha utaratibu. Mwenye karatasi mkononi anataka kujua kwanza kama atafungwa, kama atapoteza nyumba, na afanye nini kesho. Jibu hayo kwanza. Historia ya sheria na namba za vifungu zikae mwishoni, ila usiziache kabisa, kwani atazihitaji akienda kwa wakili au kwa karani wa mahakama.

Ukimaliza, usiulize "Umeelewa?" Karibu kila mtu hujibu ndiyo, kwa heshima au kwa aibu. Uliza kwa namna inayouweka mzigo juu yako: "Mama, pengine sikueleza vizuri. Ukifika nyumbani, mwanao akikuuliza karatasi hii inasema nini, utamjibuje?" Kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Akisema, "Wananiita nikalipe," utajua kwamba wito umesikika kama hukumu, na unatakiwa kurudi kumweleza kwamba hakuna kilichoamuliwa bado. Anaitwa ajibu madai, na anaweza kuyapinga. Usirudie maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Tafuta njia nyingine, uchore hata mstari wenye tarehe kama inasaidia, kisha muulize tena.

Kuna mpaka ambao mwelezaji asiye wakili hapaswi kuuvuka. Kueleza kwamba rufaa ina muda maalumu ni jambo moja. Kumwambia mtu kwamba akikata rufaa atashinda ni jambo jingine, na hilo la pili linahitaji mtu mwenye sifa za kisheria aliyelisoma jalada lote. Vilevile sheria ya nchi moja haihami kwenda nyingine, na kanuni hurekebishwa, kwa hiyo katika maelezo ya maandishi taja ni sheria ya wapi na uliihakiki lini. Penye kifungo, kuondolewa kwenye nyumba au malezi ya watoto, mwelekeze kwa wakili au ofisi ya msaada wa kisheria mapema, na umsaidie kuandaa anachokwenda nacho: karatasi halisi pamoja na bahasha iliyokuja nayo, tarehe aliyoipokea, jina la aliyemkabidhi, na maelezo mafupi ya tukio kwa maneno yake mwenyewe, bila wewe kuyanyoosha.