Kuondoa Kuvu Katika Mashine ya Kufulia
Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu mwingi, kuvu huota upesi kwenye mpira wa mlango wa mashine ya kufulia inayofunguliwa kwa mbele, kwa kuwa maji hubaki katika mikunjo yake. Funua mikunjo hiyo, uisugue kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha uikaushe. Endesha mashine ikiwa tupu kwa maji ya nyuzijoto 60 pamoja na jiki kidogo. Tafadhali usiichanganye kamwe na siki, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Kila umalizapo kufua, acha mlango wazi, na usizidishe sabuni, maana utando wake hulisha kuvu.