Taa ya injini ikiwaka, anza na namba ya hitilafu

Taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi, usikubali kununua kipuri chochote kabla fundi hajakuonyesha namba ya hitilafu iliyosomwa na mashine, nawe uipige picha kabla haijafutwa. Namba hiyo hutaja dalili, si lazima kifaa kilichoharibika, na hapo ndipo wengi wetu tunapopoteza fedha. P0301, kwa mfano, humaanisha kwamba silinda ya kwanza haichomi mafuta ipasavyo; chanzo chaweza kuwa plagi, koili (inayoipa plagi umeme) au hata nozeli (inayopuliza mafuta). Kwa gari lenye koili juu ya kila plagi, mwombe fundi abadilishane koili ya silinda ya kwanza na ya pili, afute namba, kisha gari liendeshwe kidogo: ikija P0302, yaani hitilafu imehamia silinda ya pili, koili ndiyo mbovu, na utanunua moja tu badala ya seti nzima (ambayo, kwa bahati mbaya, ndiyo hupendekezwa kwanza). Lakini taa ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, punguza mwendo na usimame mahali salama mapema, kwa sababu petroli isiyoungua huingia kwenye eksozi na kuunguza masega (kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi), ambayo bei yake huizidi mbali ile ya koili.