Kumtumaini Mungu Kuanzia Jumatatu: Mwongozo kwa Mkristo wa Nairobi

Wakristo wengi wa jiji hili hawapati shida kuimba Jumapili kwamba Mungu ni mwaminifu. Shida huanza katikati ya juma, mwisho wa mwezi umepita, msimamizi wa ploti ameanza kugonga milango akikumbusha kodi, na stima inaelekea kukatika kabla watoto hawajamaliza kazi ya shule. Wakati huo ndipo mtu hugundua kwamba imani aliyokuwa nayo ilikuwa ya mambo ya jumla tu. Kwa maoni yangu, imani hukua pale inapokabidhiwa jambo mahususi, lenye jina na tarehe, na hatua ninazozieleza hapa zote zinatokana na jambo hilo moja.

Anza kwa kuchagua wakati ambao utaweza kuutunza. Danieli alikuwa mtumishi mkubwa wa serikali, mwenye shughuli nyingi na maadui wa kutosha, lakini sura ya 6 ya kitabu chake inasema alipiga magoti mara tatu kila siku kama alivyozoea tangu hapo. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri huko Githurai ili awahi kazi Industrial Area huenda asiweze mara tatu, na hakuna haja ya kujiwekea kiwango kitakachomshinda baada ya siku nne. Dakika kumi kabla ya kugusa simu zinatosha kwa kuanzia. Kama unasoma Biblia kwenye simu, zima data kwanza, kwa maana ujumbe mmoja wa kikundi ukishaingia, sala huwa imekwisha. Matatu pia ni mahali pa kuomba, hata muziki ukiwa juu, ila ni vyema kuichukulia kama nyongeza. Kesha la Ijumaa ni jambo jema, lakini haliwezi kuziba pengo la juma zima lisilo na sala.

Katika kusoma, fuata kitabu kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Injili ya Marko ina sura 16, hivyo sura moja kwa siku itakufikisha mwisho katika muda wa majuma mawili na siku chache. Baada yake nenda kwenye Zaburi, au soma Mithali, ambayo sura zake 31 zinalingana vizuri na tarehe za mwezi. Jiulize kile ulichosoma kinaonyesha nini juu ya Mungu, kisha ujiulize kinakudai ufanye nini leo hii kabla ya jua kuzama. Tabia ya kufungua Biblia popote na kuweka kidole juu ya mstari ili kupata jibu la jambo linalokusumbua haifai, kwa kuwa inaligeuza Neno kuwa ramli. Kama Kiswahili cha Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka wa 1952, kinakuwa kigumu kwako, weka tafsiri nyepesi zaidi kando yake, usome zote mbili.

Kwa upande wa sala, nunua daftari la kawaida. Andika ombi lako kwa maneno ya wazi pamoja na tarehe, halafu acha nafasi chini yake. Usiandike "Mungu anibariki kifedha". Andika kiasi cha karo kinachopungua na siku ya mwisho ya kulipa. Mtu anayeomba mambo ya jumla hatajua kamwe kama amejibiwa, na kwa hiyo hatakuwa na kumbukumbu ya kumshikilia siku ngumu zaidi itakapofika.

Yesu alifundisha tuombe riziki ya leo, na nyuma ya ombi hilo iko habari ya mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, katika Kutoka 16, ambapo waliobakiza hadi asubuhi waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Wapo wanaoitumia habari hiyo kudai kwamba kuweka akiba ni kukosa imani. Wanasahau kwamba katika sura hiyo hiyo siku ya sita watu walikusanya maradufu kwa ajili ya Sabato, na haikuharibika. Yusufu naye alishauri sehemu ya tano ya mazao ya Misri iwekwe ghalani kwa miaka saba ya shibe. Kwa hiyo chama chako na akiba yako ya sako, yaani ushirika wa akiba na mikopo, havipingani na kumtumaini Mungu, mradi usalama wa moyo wako usihamie huko.

Chini ya kila ombi, andika sehemu iliyo yako, kisha uifanye. Anayetafuta kazi apeleke barua za maombi, afuatilie, ajifunze ujuzi unaohitajika. Anayeumwa aombewe na pia aende hospitali, na anayetumia dawa za kisukari, za shinikizo la damu au za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi asiziache hata kidogo kwa sababu ametamkiwa uponyaji. Daktari ndiye atakayesema kama dawa zibadilishwe.

Hapo ndipo mtihani wenyewe ulipo, kwa sababu mara nyingi sehemu iliyo yako haimaanishi kufanya zaidi, ila kukataa njia ya mkato. Kijana anaambiwa nafasi ya kazi ipo lakini atoe kitu kidogo. Mfanyabiashara wa Gikomba anajua kwamba akikiri kasoro ya nguo, mteja ataondoka. Fundi wa jua kali anajua kwamba akitaja siku ambayo kazi itakamilika kweli, huenda mteja akampelekea mwingine. Katika nafasi hizo, kusema ukweli na kukataa hongo ni njia ya kumwambia Mungu kwamba unaamini riziki yako iko mikononi mwake. Gharama yake ni halisi, wala sitaahidi kwamba italipwa kabla ya mwezi kwisha. Ila nathubutu kusema kwamba utii mmoja wa namna hii humkomaza mtu kuliko mahubiri mengi.

Fedha zinastahili neno la peke yake. Kabla ya kuchukua mkopo wa simu au kuweka dau la mechi, ombea jambo hilo usiku mmoja kwanza. Mengi hupoa yenyewe. Toa sadaka kulingana na ulicho nacho, kama Paulo alivyowaandikia Wakorintho. Mhubiri anayekuhimiza ukope ili "upande mbegu" kwa M-Pesa, akikuahidi muujiza kufikia Ijumaa, muepuke bila kujilaumu.

Usitembee peke yako. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, makanisa mengine yana vikundi vya nyumbani, na wazee wengi wetu walilelewa na Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao ulivuka mipaka kutoka Rwanda na Uganda hadi Kenya katika miaka ya 1930 na kuwazoeza watu kukiri makosa yao waziwazi mbele ya ndugu. Faida yake ni kubwa, lakini chagua kwa busara: tafuta mtu mmoja au wawili wanaojua kutunza siri, kwa maana katika mtaa ambao kuta ni za mabati, ombi la maombi linaweza kuwa habari ya ploti nzima kabla ya jioni.

Zitakuja nyakati ambazo daftari limejaa maombi na nafasi za chini zimebaki wazi. Usijilazimishe kushangilia. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila mstari wa faraja mwishoni, na bado imewekwa ndani ya kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Baba yule wa Marko 9 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa. Ombi lililokaa miezi bila jibu liandike upya kwa tarehe mpya. Halafu mpigie simu yule ndugu uliyemchagua, umwambie wazi kwamba nguvu za kuliomba zimekuishia. Mwenye kupooza wa Marko 2 alibebwa na watu wanne hadi juu ya dari, na Injili inasema Yesu aliiona imani yao. Majuma ambayo wewe huwezi kuomba, mwombe ndugu huyo aombe kwa niaba yako, nawe umfanyie vivyo hivyo zamu yake itakapofika.