Stika isibanduke kwenye plastiki yenye vipele
Nabandika stika za pikipiki na bajaji karibu na soko la Majengo, Dodoma, na kazi inayonirudia sana ni ya plastiki yenye vipele. Gundi inashika vilele tu. Mabondeni inabaki hewa. Chagua stika laini yenye gundi kali, maana ile nene haiinami.

Usafi ndio roho ya kazi. Vumbi letu la kiangazi hujificha kwenye vijishimo, kitambaa hakilifikii. Sugua kwa mswaki na maji ya sabuni, suuza, kausha kabisa, kisha futa kwa spiriti. Kama mwenye chombo hupaka polishi ya kung'arisha, rudia spiriti mara 2. Polishi hiyo imeniharibia kazi nyingi.

Bandika kavu, kivulini. Kandamiza kuanzia katikati, halafu pasha moto kwa draya kipande kwa kipande, ukisukuma kwa kitambaa kilichokunjwa mpaka vipele vionekane juu ya stika. Usiivute, iliyovutwa hurudi. Kona zikate mviringo. Chombo kisioshwe kwa saa 24.

Maandishi membamba kwenye vipele vikubwa nakataa. Namwomba mteja tuhamie sehemu laini.