Kipandauso cha kijana: anzia miguuni, kichwa kiwe mwisho

Binti wa dada yangu yuko kidato cha tatu, hapa Ujiji. Kipandauso kikimshika hulala kutwa nzima, dirisha limefungwa, kanga usoni. Nimemfundisha zoezi la kutulia, na nilianza kwa kukosea.

1. Hospitali kwanza. Ana homa, apimwe malaria. Shingo imekakamaa, mkono umelegea, kazimia, au kichwa kimeanza kuuma vikali mno kwa ghafla: acha kusoma, mpeleke.

2. Daftari. Andika siku, saa aliyolala, alichokula na dawa. Dawa za kawaida za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe huleta kichwa. Binti yetu alikuwa anakaribia huko, na sisi tunamnunulia. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16 bila daktari kuagiza.

3. Zoezi lenyewe. Asili yake ni mafunzo ya kutuliza akili kwa kusikiliza pumzi na mwili, aliyoanzisha mwanasayansi Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Kwa vijana wenye kipandauso tafiti bado ni chache na ndogo, kwa hiyo dawa za daktari zinaendelea.

Kosa langu: nilimwanzisha kichwa kikiwa kinauma, nikamwambia, "Sikiliza kichwa chako, usiwaze kitu." Akatapika pembeni ya mkeka. "Mama mdogo, unanizidishia." Alisema kweli. Zoezi hujengwa siku ambazo kichwa kimetulia, kama dakika kumi kila jioni. Na kutowaza hakuna awezaye. Nilimchosha bure jioni tatu.

Wiki ya kwanza pumzi tu. Programu za simu sizitaki, mwanga wake peke yake unamchokoza. Tulitumia kete za bao: macho kafumba, kila akitoa pumzi anahamisha kete moja, zote 64. Tandika kitambaa zisigongane. (Bibi yake aliuliza kama ni ramli.)

Wiki ya pili tukaingia mwilini. Nyayo kwanza, asikie ubaridi wa sakafu. Magoti, tumbo, mabega. Taya, hapo kaa sana, maana wanabana meno bila kujua. Wazo la mtihani likija aseme moyoni "wazo", arudi alipoachia. Hata likija mara ishirini, usimkaripie. Kichwa ndiyo mwisho, apite tu: "kinagonga, kushoto". Asikibishie.

4. Kikianza kuuma: dawa mapema kama daktari alivyoelekeza, maji, giza, kisha nyayo. Kichwa hakikomi papo hapo. Kilichopungua ni ile hofu ya "leo nakufa", ambayo ilikuwa inamtoa jasho kuliko maumivu.

5. Kulala saa ileile, hata Jumamosi. Na asitoke bila chai na kitumbua; daftari lilituonyesha siku mbaya nyingi ni zile alizoondoka na njaa.