Kuutembea mtaa wa al-Muizz, Cairo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wageni wengi wa Cairo ya zamani huingia Khan el-Khalili, wakanunua vitu vya ukumbusho, wakapiga picha, wakaondoka. Mtaa uliolizaa soko hilo huwapita pembeni. Al-Muizz una urefu wa kilomita moja hivi, kutoka lango la Bab al-Futuh kaskazini hadi Bab Zuweila kusini, na umekuwa njia kuu ya mji tangu Wafatimi, watawala wa Kishia, walipouasisi mwaka 969. Nimezoea kuwatembeza ndugu zetu wanaokuja kusoma al-Azhar, na kila mara naanza na jambo moja: usitazame misikiti kivyake na maduka kivyake. Hapa duka ndilo lililoulisha msikiti. Kodi ya duka, kwa njia ya wakfu, ndiyo iliyomlipa imamu, ikanunua mafuta ya taa, ikamnywesha mpita njia na kumtibu mgonjwa. Ukilishika hilo, mtaa mzima unasomeka.

Hatua ya 1: Chagua siku, jiandae

Fika saa tatu asubuhi, kabla ya jua kali na msongamano. Epuka Ijumaa asubuhi, kwani mtaa huamka baada ya swala. Epuka na Jumapili, maana maduka mengi ya Khan el-Khalili hufungwa. Vaa viatu rahisi kuvua, nguo za heshima, na mwanamke awe na mtandio. Beba paundi za Misri za noti ndogo ndogo: kuna anayekutunzia viatu, kuna anayekufungulia mlango, na bakshishi yao usiisahau. Baadhi ya majengo ni ya kulipia. Ulizia tiketi ya pamoja kabla hujaanza kukata moja moja.

Hatua ya 2: Anzia nje ya Bab al-Futuh

Nje, si ndani. Tazama minara ya lango ilivyo ya mviringo, kisha sogea kidogo mashariki uone Bab al-Nasr yenye minara ya mraba. Yote mawili yalijengwa mwaka 1087 chini ya waziri Badr al-Jamali. Ukipita langoni, kushoto kwako ni msikiti wa al-Hakim, uliokamilika 1013. Uling'arishwa upya na Mabohora mwaka 1980, ndiyo maana marumaru ya uani yanametameta hivyo. Wapo wanaolalamika kwamba umekuwa mpya mno. Mimi naona msikiti unaoswaliwa ni bora kuliko gofu.

Hatua ya 3: Tua al-Aqmar, usiharakishe

Hapa ndipo ninapowaomba watu wasimame kwa muda mrefu kuliko popote. Msikiti ni mdogo, wa mwaka 1125, na wengi huupita. Simama katikati ya mtaa: uso wa jengo umenyooka sambamba na njia. Sasa ingia ndani, simama uani, uangalie mihrab: ua wote umegeukia Makka, na Makka haiko sambamba na mtaa. Tofauti hiyo imefichwa ndani ya ukuta wa mbele, ambao upande mmoja ni mwembamba na upande wa pili umenenepa. Rudi mlangoni uupime kwa macho. Fundi alitakiwa kuutii mtaa na kuitii kibla kwa wakati mmoja, akavipatanisha kwa jiwe. Misikiti mingi iliyofuata mtaani hapa ilifanya vivyo hivyo.

Wakati wa Wamamluki, masultani walioitawala Misri baadaye, mbele ya msikiti huu palikuwa na soko la wauza mishumaa. Tunalijua kupitia kwa al-Maqrizi, mwanahistoria aliyekulia mtaa wa jirani na aliyewahi kuwa muhtasibu, yaani mkaguzi wa masoko.

Hatua ya 4: Bayn al-Qasrayn, tazama juu kisha chini

Penye njia panda utaona sabili ya Abd al-Rahman Katkhuda ya mwaka 1744: chini maji ya bure kwa wapita njia, juu chuo cha watoto cha Kurani. Mbele yake kuna jengo la sultani Qalawun, la 1284 na 1285: madrasa, kaburi lake na hospitali, vyote pamoja. Hospitali ilitibu watu bila malipo kwa mapato ya wakfu, na hadi leo kuna hospitali ya macho mahali hapo. Jirani yake, kwenye madrasa ya al-Nasir Muhammad, angalia mlango wa marumaru usiofanana na kitu kingine chochote mtaani. Ulitoka kwenye kanisa la Akka, mji wa pwani ya Palestina uliokuwa wa wapiganaji wa Msalaba, baada ya mji huo kutekwa mwaka 1291.

Sasa shusha macho. Hapa ni al-Nahhasin, kwa wafua shaba. Wanauza masinia, birika na hata miezi mwandamo ya kuwekwa juu ya minara.

Hatua ya 5: Khan el-Khalili, ingia ukiwa umeshiba macho

Soko hili lilianzishwa na amiri Jaharkas al-Khalili katika miaka ya 1380. Salimia kwanza, uliza bei, kisha patana kwa utulivu. Usitaje bei usiyokusudia kulipa: ukikubaliwa, nunua.

Hatua ya 6: Vuka barabara

Wengi hukomea hapa kwa sababu barabara ya al-Azhar imeukata mtaa vipande viwili. Tumia njia ya chini kwa chini, kisha ufike kwenye majengo mawili ya sultani al-Ghuri yanayotazamana, wauza nguo wakiwa katikati. Alijijengea kaburi hapa, lakini alifia vitani Marj Dabiq, Syria, mwaka 1516 na mwili wake haukuonekana tena. Kipande hiki cha kusini ndicho nikipendacho: wanunuzi ni wenyeji, wamekuja kutafuta mashuka, vyombo na mavazi ya harusi.

Hatua ya 7: Panda Bab Zuweila, kisha ushuke utoke nje

Lango ni la 1092, ila minara miwili iliyo juu yake ni ya msikiti wa al-Mu'ayyad uliojengwa karne ya 15. Panda ngazi, uufuate kwa macho mtaa wote uliotoka nao.

Ukitoka langoni, ng'ambo ya njia kuna msikiti wa al-Salih Tala'i wa mwaka 1160. Inama kwenye uzio uangalie chini: ule msururu wa vyumba ni maduka. Msikiti ulijengwa juu yake ili kodi iutunze. Zamani wateja waliingia wakitokea mtaani moja kwa moja. Leo njia imepanda kwa karne za vifusi na vumbi, maduka yakabaki shimoni.

Malizia Khayamiya, soko lenye paa mbele kidogo tu, kwa mafundi wanaoshona vitambaa vya mahema kwa mkono. Kabla ya kununua, geuza kitambaa uangalie nyuma: mishono ya mkono haifanani yote, na picha iliyochapwa kwa mashine haina mishono kabisa. Teksi hupatikana kwa urahisi zaidi Bab al-Khalq, mwendo mfupi kuelekea magharibi, karibu na Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu.