Kikao cha timu kinachotoka na jibu: hatua ninazofuata

Nimekalia kiti cha mwenyekiti miaka mingi, na kosa langu la mwanzo lilikuwa ajenda ya maneno matatu: "Ucheleweshaji wa ripoti." Watu saba walikuja, kila mmoja na ripoti yake kichwani.

1. Geuza ajenda iwe swali. "Tufanye nini ili ripoti ya mwezi itoke kabla ya tarehe 5?" Itume siku moja kabla, na takwimu zake. Swali likikataa kuandikika, kikao hakijaiva, ahirisha.

2. Ita wachache: wanaoifanya kazi yenyewe na mwenye mamlaka ya kuamua. Wengine watasoma kumbukumbu.

3. Anza na kimya. Hapa wengi hunishangaa. Dakika tano, kila mjumbe aandike mawazo yake kabla ya yeyote kufungua mdomo. Mwaka 1987 watafiti Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha kwamba watu wakifikiri kila mmoja peke yake hutoa mawazo mengi kuliko idadi ileile wakijadiliana, hasa kwa sababu kwenye kundi lazima usubiri zamu yako. Kisha kila mtu asome alichoandika, mkubwa awe wa mwisho. Bosi akitangulia, waliobaki "wanaunga mkono hoja".

4. Chimba kwa "kwa nini". Mbinu hii ilipata umaarufu kupitia viwanda vya Toyota, ambako huulizwa mara tano. Ripoti imechelewa, kwa nini? Takwimu zilifika tarehe 6. Kwa nini? Fomu ilirudishwa mara mbili. Kwa nini? Tarehe zilijazwa vibaya. Kwa nini? Fomu haielezi kama unaanza na siku au mwezi. Basi, nne zimetosha. Tulikuja kumsaka mzembe, tumekuta fomu. Mkiishia kwenye jina la mtu, ulizeni tena.

5. Andika azimio wote wakiona: kazi, mtekelezaji mmoja, tarehe. "Timu italishughulikia" usilikubali, hakuna mtu anayeitwa Timu. Mimi humwomba mtekelezaji alisome kwa sauti, hapo ndipo utasikia, "Lakini tarehe hiyo sitakuwepo."

6. Mengineyo yape dakika tano tu. Linalozidi hapo liandikiwe swali lake, lisubiri kikao kingine. Na kikao hicho kifunguliwe kwa yatokanayo: fomu imerekebishwa, au bado?